Saibapanki, majini na njama za kidini: maswali ambayo wasomaji wa Mombasa hawaachi kuuliza

Haya ni maswali yanayojirudia kila riwaya ya aina hii inapopita mikononi mwa wasomaji: mji wa kesho uliosheheni mitambo, kuna majini au uchawi ndani yake, na kuna watu wa dini wanaoficha jambo. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kurejelea jingine.

## Vitabu vyenyewe

1. Saibapanki ni nini hasa?

Ni tawi la bunilizi ya kisayansi ambamo teknolojia imepanda juu na maisha ya mtu wa kawaida yamebaki chini. Utakuta vipandikizi mwilini, mtandao unaoingiwa kwa akili, kampuni zenye nguvu kushinda serikali, na mhusika mkuu ambaye aghalabu ni mdukuzi au kibarua asiye na mtu wa kumtetea. Neno lilianza kama kichwa cha hadithi fupi ya Bruce Bethke iliyochapishwa 1983. Mwaka uliofuata *Neuromancer* ya William Gibson ikaupa utanzu huu sura inayoigwa hadi leo.

Mtu wa Mombasa hahitaji kwenda mbali kuipata picha. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa 2009, EASSy ikafuata 2010. Mawasiliano ya nchi kadhaa yanapita chini ya maji yale yale ambayo mvuvi anayavuka kwa ngalawa, naye pengine hana hata bando la siku. Kitu kipya kabisa na kitu cha kale kabisa viko pahali pamoja, na faida ya kimoja haimfikii mwenye kingine. Hapo ndipo penye kiini cha saibapanki. Taa za rangi na mvua ya usiku ni mapambo.

2. Fantasia inaingiaje kwenye kitabu cha kompyuta?

Kwa njia mbili. Ya kwanza, uchawi upo sambamba na mitambo na kila kimoja kina mipaka yake: mdukuzi anafungua mlango wa benki, ila mlango wa kuzimu unahitaji mganga. Ya pili, mtambo wenyewe unagunduliwa kuwa ni uchawi uliovaa nguo nyingine: programu ni talasimu, kirusi cha kompyuta ni laana.

Njia ya pili ni ngumu zaidi kwa mwandishi. Asipoweka masharti mapema, kila tatizo litatatuliwa kwa muujiza na taharuki itakufa. Msomaji auulize uchawi wa kitabuni maswali matatu: unagharimu nini, nani hawezi kuutumia, na unashindwa lini? Ukifika katikati ya kitabu huna jibu hata moja, kasoro ni ya kitabu, si yako.

3. Kwetu majini si hadithi za kubuni. Kwa nini kitabu chenye majini kiitwe fantasia?

Swali hili huibuka takriban kila mara, na ni zuri kuliko linavyopokewa. Neno "fantasia" hubebwa likiwa na dhana kwamba msomaji haamini kilichomo. Msomaji Muislamu anajua kwamba sura ya 72 ya Qurani inaitwa Al-Jinn. Hawezi kumtia jini kapu moja na joka linalotema moto.

Njia inayofanya kazi ni kutenganisha mambo mawili: kuwepo kwa kiumbe, na matendo anayopewa na mwandishi. *Alif the Unseen* ya G. Willow Wilson, iliyotoka 2012 na kushinda Tuzo ya Fantasia ya Dunia 2013, ni mfano wa kufaa. Mhusika wake ni mdukuzi kijana katika mji wa Ghuba usiotajwa jina. Anawindwa na mkuu wa udhibiti wa serikali, na mkononi ana kitabu cha siri kinachohusishwa na majini. Jini anayezungumza kwa kejeli na kumsaidia mdukuzi ni ubunifu wa mwandishi, na hapo ndipo lebo ya fantasia inapokaa. Kuwepo kwa majini ni suala la imani ya msomaji, wala kitabu hakimtaki alijibu.

Kwa hiyo unapoandika maoni, usiseme "majini ya uongo" wala "majini ya kweli". Sema jini *huyu*, katika kitabu *hiki*, anafanya nini na kwa masharti gani. Hata mpangilio wa maktaba ukikupinga, sentensi yako itabaki sahihi.

4. Njama ya kidini ni njama ya dini, au ni njama dhidi ya dini?

Yaweza kuwa yoyote, na ugomvi mwingi wa wasomaji hutokea kwa sababu kila mmoja anajibu aina tofauti. Tunazigawa hivi:

*Taasisi inaficha.* Kanisa, msikiti, hekalu au tarika ya kubuni ina hati, mabaki au jina ambalo likijulikana mamlaka yake yataanguka.

*Dunia inajifunika dini.* Kampuni au serikali inatumia mimbari kama pazia. Wahubiri hawajui, au wamenunuliwa.

*Imani inageuzwa msimbo.* Sala, lugha takatifu au ibada inafanya kazi kama programu ndani ya ubongo. *Snow Crash* ya Neal Stephenson (1992) inachanganya aina hii na ile ya pili: tajiri anayemiliki nyaya za mawasiliano anatumia kanisa, dawa na lugha ya kale ya Sumer kuteka akili za watu.

*Njama hewa.* Mhusika anaandamwa na ishara, kumbe hakuna kitu, au aliyezipanda ishara ni yeye mwenyewe.

Amua kwanza unasoma aina gani. Aina ya pili kwa kawaida haiishambulii dini. Mara nyingi inailinda. Aina ya tatu ndiyo huudhi waumini zaidi. Katika *Snow Crash*, kunena kwa lugha kunahusishwa na maambukizi ya akili, na msomaji wa Kipentekoste anayeichukia sura hiyo hana upungufu wowote wa ufahamu. Amesoma sawasawa.

5. Kuna chochote kwa Kiswahili?

Saibapanki kamili yenye njama ya kidini, hapana kitabu tunachoweza kukupa na kusema "hiki hapa". Majirani wake wapo. *Walenisi* (1995) ya Katama Mkangi, mwandishi wa huku huku pwani, inamtupa Dzombo angani kama adhabu ya kifo, akaishia katika sayari yenye jamii nyingine kabisa. Lisome jina polepole utasikia "wale ni sisi". *Bina-Adamu!* (2002) ya K. W. Wamitila ina safari ya kifantasia katika ulimwengu unaotawaliwa na utandawazi. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Euphrase Kezilahabi zinauliza kuhusu ukweli na imani kwa ndoto na mafumbo, na zinafundisha kusoma bila kudai kila kitu kielezwe.

Na kama unataka mji uliokufa na utajiri uliooza, shairi la *Al-Inkishafi* lilishafika huko zamani: majumba ya Pate, na ndege wamefanya viota katika madaka yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya kauri.

## Kusoma bila kukwama

6. Itachukua muda gani?

Kwa kitabu cha kurasa 440, wiki nne zinatosha: kurasa 16 kwa siku, karibu nusu saa kwa msomaji wa kasi ya wastani. Wiki ya kwanza igawe ndogo zaidi, kurasa 12, kwa sababu istilahi zote ngeni ziko huko. Fidia wiki ya tatu. Ramadhani panga wiki sita, au ahirisha kabisa. Kujaribu kukimaliza katika kumi la mwisho huzaa maoni ya watu waliosoma mgongo wa jalada.

7. Nimepata nakala ya bure kwenye simu. Kuna ubaya?

Ukiacha haki ya mwandishi, kuna ubaya wa kiufundi. Nakala zilizoskaniwa ovyo hukosa kurasa na huchanganya herufi, na utanzu huu umejaa maneno ya kubuni, kwa hiyo hutajua kama neno ni la mwandishi au ni kosa la skana. Msomaji mmoja anaweza kujenga nadharia nzima ya njama juu ya jina lililoandikwa namna mbili, na mashine ndiyo iliyokosea.

Nakala halali ya kielektroniki ina shida moja tu: namba za kurasa hubadilika kwa ukubwa wa maandishi. Taja sura, kisha maneno matatu ya kwanza ya aya. Nakala ya karatasi ikizunguka kikundini, mpangie kila mtu siku tano na asiyemaliza aipokee tena mzunguko wa pili. Usipange kwa "ukimaliza unipe". Kitabu hicho hutakiona tena.

8. Niandike nini daftarini ninaposoma?

Piga safu nne. Ya kwanza: ukurasa au sura. Ya pili: dai ("Baba Mkuu alikufa kabla ya moto"). Ya tatu: nani amelisema. Ya nne: nani ananufaika likiaminika. Mistari 25 hadi 40 inatosha kwa kitabu kizima. Ukivuka 60 unanakili kitabu.

Safu ya tatu ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye dhahabu. Katika riwaya ya njama msimulizi, adui na mshauri wote wana sababu za kusema uongo. Usipoandika *nani* alisema, ukifika mwisho utalalamika kwamba kitabu kinajipinga, kumbe ni mhusika mmoja tu aliyekudanganya ukurasa wa 90.

9. Nimefika ukurasa wa 60 na sielewi kitu. Niache?

Bado. Waandishi wa saibapanki hutumia misimu ya mitaani ya kubuni bila kuieleza, kwa makusudi, ili ujihisi mgeni mjini. Orodhesha maneno 15 yanayojirudia, usiyatafute popote, ubashiri maana kwa penseli, kisha sahihisha ukurasa wa 100. Ikiwa kufikia hapo umepata chini ya maneno manane, ama kitabu kimekushinda kwa sasa ama kimeandikwa vibaya. Utajua ni lipi kwa kuwauliza wengine wawili. Wakiwa wamekwama pale pale, mshitakiwa ni mwandishi.

10. Zile sura ndefu za historia ya dini za kale, naweza kuziruka?

Hapa wasomaji wamegawanyika kabisa. Katika *Snow Crash* mhusika mkuu huketi na Mkutubi wa kidijitali wakazungumza kurasa nyingi kuhusu Sumer, miungu yake na chanzo cha lugha. Wapo wanaosema hizo ndizo kurasa bora za kitabu. Wapo wanaosema ni mhadhara uliovishwa kanzu ya riwaya.

Ushauri wa kutenda: soma aya ya kwanza na ya mwisho ya kila jibu refu, andika majina ya pekee, endelea. Jina likirudi baadaye, geuka nyuma usome kamili. Ila ukiruka, useme ukweli huo katika maoni (tazama swali la 20).

## Kuandika maoni

11. Maoni yawe na urefu gani, na yapangwe vipi?

Maneno 250 hadi 400 yanatosha. Anza na hukumu yako kwa sentensi moja, kwa sababu wengi watasoma hiyo tu. Fuatisha muhtasari usiozidi sentensi tatu na usiovuka theluthi ya kwanza ya kitabu. Kisha chagua mambo mawili, si saba, na kila jambo lipewe tukio la kulithibitisha. Malizia kwa kusema kitabu kinamfaa nani.

Kosa kubwa ni vivumishi bila ushahidi. "Kinasisimua sana" hakimsaidii mtu. "Kuanzia sura ya 12 kila sura inafungwa katikati ya tendo" kinamsaidia anayependa mwendo huo na anayeuchukia pia.

12. Nyota tano tunazigawaje?

Kubalianeni kabla ya kusoma. Moja: sikumaliza, na sijuti. Mbili: nilimaliza kwa kujilazimisha. Tatu: kizuri, sitakirudia. Nne: nitampa rafiki. Tano: nitakisoma tena.

Usitangaze wastani peke yake. Watu kumi wakisoma, watano wakatoa nyota tano na watano nyota moja, wastani ni tatu, na hapana hata mmoja aliyetoa tatu. Vitabu vya njama za kidini hugawanya watu hivyo hivyo, kwa hiyo andika hesabu ya kila ngazi.

13. Nitajuaje kama njama imesukwa vizuri au mwandishi ametuzuga?

Pima kwa vipimo vifuatavyo, na uvitumie baada ya kumaliza.

Dalili zilikuwepo? Rudi nyuma utafute angalau tatu kabla ya nusu ya kitabu. Zikiwa zote baada ya hapo, ulifichwa, hukushindwa.

Wangapi wanaijua siri? Hesabu. Siri ya watu watano inaweza kuishi miaka mia kwa urithi. Siri ya watu elfu mbili, wenye wake, wajomba na madeni, haimalizi mwezi, labda kitabu kieleze kinachowanyamazisha. Mombasa tunajua habari inavyotembea kutoka baraza moja la kahawa hadi jingine. Msomaji wa hapa hukamata kasoro hii upesi.

Kwa nini sasa? Njama ya karne nne inavunjika wiki ile ile mdukuzi anapochoka na kazi yake. Lazima kuwe na sababu: kifo, mkataba kuisha, mtambo mpya. "Imetokea tu" si sababu.

Wenye njama wanaamini wanachokisema? Huu ndio mzito kuliko wote. Mhubiri mnafiki ni rahisi kumwandika na rahisi kumsahau. Yule anayedanganya umati kwa kuwa anaamini kwa dhati kwamba uongo wake utawaokoa, huyo hukaa na msomaji. Kitabu ambacho kila mwenye kilemba au kola ni tapeli kimeandikwa na mtu ambaye hajakaa na watu wa dini. Ndiyo maana wasomaji wengi humtaja Sheikh Bilal wa *Alif the Unseen*: ni imamu mwenye mashaka, ucheshi na ujasiri, katika utanzu ambao kwa kawaida humwacha imamu nyuma kama pambo.

14. Wasomaji hulalamikia nini zaidi?

Wanawake walioandikwa kwa ajili ya kutazamwa: hili linaongoza. La pili, mwisho wa haraka. Kurasa 400 za kufunga fundo na 15 za kulifungua. La tatu, Mashariki ya mapambo: adhana inalia kila sura, viungo vinanukia kila mtaa, na hakuna anayelipa kodi ya nyumba. Wakazi wa Mji wa Kale wameshapigwa picha za kutosha na watalii, hivyo jicho lao kwa hili ni kali, na ni haki yao.

Malalamiko ambayo hatuyakubali ni "mhusika mkuu si mtu mwema". Utanzu huu haukuahidi watu wema.

15. Vipi kutaja mwisho wa hadithi?

Usimwage mtama kwenye kuku wengi. Katika maoni ya wazi, usivuke theluthi ya kwanza. Ukilazimika, weka onyo kwenye mstari wake, acha mistari mitano mitupu, ndipo uandike. Katika kundi la simu onyo litangulie katika ujumbe tofauti, maana simu huonyesha maneno ya kwanza kabla mtu hajafungua. Na kusema "kuna jambo kubwa mwishoni, sisemi!" ni kumwaga pia.

16. Istilahi nizitafsiri au niziache?

Tumia zilizozoeleka: mdukuzi, kudukua, kipandikizi, akili unde, roboti, msimbo, kirusi. Majina ya wahusika na ya miji ya kubuni yaache kama yalivyo. Maneno ya kubuni yenye maana ndani yake yaeleze mara ya kwanza kisha uendelee na umbo moja. Ukinukuu kitabu cha Kiingereza kwa Kiswahili chako, andika "tafsiri yangu". Mtu akipinga neno, ajue anakupinga wewe wala si mwandishi.

## Kikao

17. Watu wangapi, saa ngapi?

Wanane hadi kumi na wawili, dakika 90. Jumamosi saa kumi na robo alasiri hadi saa kumi na mbili kasorobo: Alasiri imeshaswaliwa, Magharibi haijaingia, na wa Likoni wanawahi feri kabla ya msongamano wa jioni. Dakika 20 za mwanzo kila mtu atoe hukumu yake kwa sentensi mbili bila kukatizwa. Usipofanya hivyo, wenye sauti kubwa watakula saa nzima na utasikia maoni ya watu watatu.

Kahawa chungu na kashata ziletwe katikati, si mwanzoni. Zikitangulia, kikao kinageuka baraza, na baraza halina ajenda.

18. Tumechanganyika: Waislamu, Wakristo, Wahindu, wasio na dini. Tuzungumzeje?

Kanuni moja inatosha: zungumzia imani ya wahusika, usimhoji mwenzako imani yake. "Dada, mnaamini hivi kweli?" haiulizwi kikaoni. "Katika dini yenu mhusika huyu angeitwa nani?" yaweza kuulizwa, ila ajibu anayetaka. Msimtwike mtu mmoja uwakili wa dini nzima eti kwa kuwa ndiye pekee wa dini hiyo barazani.

Aya zikitajwa kitabuni, mpe mtu kazi ya kuzikagua kabla ya kikao. Waandishi wa utanzu huu hubuni maandiko, au huchanganya ya kweli na ya kubuni katika aya moja, na ni aibu kumjadili Mtume au nabii kwa maneno ambayo hakuyasema.

19. Mwenzetu anasema kitabu hiki ni kufuru na anataka kisisomwe.

Mwombe aonyeshe ukurasa. Ikiwa hajasoma, mweleze kwa upole kuwa kikao ni cha waliosoma na anakaribishwa wiki ijayo. Ikiwa amesoma, mpe dakika zake zote kama wengine, na maoni yake yaandikwe na kuhesabiwa. Nyota moja kwa sababu ya imani ni nyota moja halali. Anachoweza kukataa ni kusoma yeye. Hawezi kuwakatalia wenzake.

Mambo yakipanda joto, rudini kwenye swali la 4. Mara nyingi anayekasirika ameisoma njama ya aina ya pili kana kwamba ni ya tatu.

## Yaliyo magumu

20. Sikumaliza kitabu. Naweza kutoa maoni?

Naam, useme uliishia wapi na kwa nini. "Niliacha asilimia 40, baada ya mateso ya sura ya 18" ni maoni yenye manufaa. Usihukumu msuko wala mwisho.

21. Sheria ya Kenya inasemaje kuhusu kuandika maoni makali juu ya dini?

Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kuabudu katika ibara ya 32 na uhuru wa kujieleza katika ibara ya 33, lakini ibara hiyo ya 33 haifuniki uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138, inalifanya kosa kuandika au kutamka maneno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu. Kukosoa kitabu, hata kwa ukali, si jambo lile lile na kuwatukana waumini. Hatari huanza pale unapoacha wahusika na kuwageukia majirani.

Kuhusu kunukuu, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya uhakiki mradi utaje chanzo. Nukuu sentensi mbili tatu, kwa shabaha. Picha za kurasa kumi mfululizo si uhakiki.

Kama una kesi inayokukabili, muone wakili. Ukurasa huu haumtoshi mtu huyo.

22. Kitabu kina mhubiri anayewaangamiza wafuasi wake. Nilinganishe na Shakahola?

Watu watalinganisha utake usitake. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi kuanzia 2023, na kikaoni mwaweza kuwa na mtu aliyefiwa. Mwenye kuongoza kikao awaulize wanakikundi faraghani kabla, amjulishe kila mmoja sura zenye tukio hilo, na amruhusu asiyetaka asihudhurie bila kujieleza.

Katika maandishi, linganisha mbinu: namna mhubiri anavyowatenga wafuasi na jamaa zao, anavyowatoa shuleni na hospitalini, anavyogeuza njaa kuwa ibada. Usiwatumie marehemu kama kionjo cha kuuza maoni yako, na usimwite mtu yeyote aliye hai mhalifu kabla mahakama haijasema.

23. Kijana wangu wa miaka 14 anakitaka. Nimpe?

Kisome wewe kwanza. Vitabu hivi hutofautiana sana. *Snow Crash* ina tukio la kimapenzi kati ya msichana wa miaka 15 na mwanamume mzima, na wasomaji wengi wazima hulilalamikia. Huyo wa 14 asubiri. Jalada halitakuambia, wala mchoro wa roboti haumaanishi ni cha watoto.

24. Naweza kuitumia akili unde kuandika maoni?

Kusahihisha tahajia, haidhuru. Kutunga maoni yenyewe, hapana, na sababu yake inaonekana haraka: hutaja matukio yasiyokuwemo, huwapa wahusika vyeo wasivyo navyo, na huutaja mwisho kwa ujasiri wote. Mwongoza kikao akitilia shaka, aulize ukurasa. Daftari la swali la 8 humaliza ubishi kwa dakika moja.

25. Mwenzetu amemaliza kitabu na sasa anaamini njama ile ni ya kweli.

Usimcheke mbele ya watu, maana atajifungia nayo. Kaa naye pembeni mpige hesabu ya swali la 13 juu ya njama hiyo katika dunia ya nje: watu wangapi wangelazimika kunyamaza, kwa malipo gani, na kwa nini iwe sasa. Mtenganishie yaliyo kweli na yaliyobuniwa. Katika *Snow Crash*, kwa mfano, Sumer na mungu Enki ni historia na visasili vya kale kweli, lakini kwamba maneno ya Kisumeri yanaweza kuzima ubongo wa mtu ni ubunifu wa Stephenson. Vitabu vizuri vya utanzu huu huficha mshono huo kwa ustadi, kwa hiyo aliyeshindwa kuuona si mjinga. Akitaka kuendelea kusoma, mpe kitabu cha njama hewa.